Mtoto Wetu Yuko Chuo Kikuu: Nani Hujua Akipata Shida?

Miaka mitatu iliyopita kikundi kimoja cha akina mama tunachokitembelea kilifanya harambee ya kumpeleka kijana chuo kikuu. Waliuza kuku, wazee wakaongeza mbuzi wawili, na mwishowe wakachukua sehemu ya akiba yao ambayo ilikuwa imewekwa ya kununua tangi la maji. Hakuna aliyenung'unika, maana kijana alikuwa na bidii na mama yake ni mjane. Siku ya kuondoka aliombewa, akasindikizwa mpaka steji.

Muhula wa kwanza alipiga simu kila Jumapili jioni. Muhula wa pili akawa anapiga mara moja moja, tena haraka haraka. Mwaka wa pili ulipoanza simu yake ikawa haipatikani. Mama yake alipoulizwa na wenzake alijibu, "Ako na masomo mengi." Naye hivyo ndivyo alivyoamini. Kumbe kijana alikuwa na wiki tisa hajaingia darasani. Alikuwa amejifungia katika chumba cha kukodi nje ya chuo, usiku hapati usingizi, mchana hainuki kitandani, na chakula ni mkate mkavu akikumbuka kula. Pesa za mkopo wa muhula huo alikuwa amezipoteza kwenye kamari ya simu, akijaribu kuziongeza ili amalize karo bila kumsumbua mama yake.

Kijana mwenyewe ametukubalia tuandike habari hii, lakini hatutamtaja jina wala chuo chake. Tunachotaka kueleza ni jibu la swali ambalo mwenyekiti wa kikundi alituuliza kwa uchungu: "Chuo kizima chenye maprofesa, walinzi na makarani, hakuna hata mmoja aliyeona?" Tulikwenda tukauliza wahadhiri, washauri na wanafunzi wenyewe, na si katika chuo kimoja tu.

Kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Chuo kikuu si shule ya upili iliyoongezwa ukubwa. Kule sekondari kuna kengele, kuna mwalimu wa zamu, na mtoto akikosa chakula cha jioni kuna mtu atauliza. Chuoni mwanafunzi ni mtu mzima wa miaka 18 au zaidi, na hakuna wa kumwamsha. Darasa la mwaka wa kwanza laweza kuwa na mamia ya watu katika ukumbi mmoja, na mhadhiri anayesimama mbele hawezi kujua majina yao.

Zamani haikuwa hivyo kabisa. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipokuwa peke yake, kuanzia mwaka 1970 mpaka Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzishwa 1984, wanafunzi walikuwa wachache, wakilala katika mabweni ya chuo na kula pamoja. Mwaka 1990 kundi la kwanza la 8-4-4 liliingia vyuoni, na mwaka 1991 ukaja mpango wa kugawana gharama, mwanafunzi akaanza kujinunulia chakula chake. Vyuo vimeongezeka sana tangu hapo lakini vitanda havikutosha, na leo wanafunzi wengi wanakodi vyumba katika mitaa iliyo karibu na chuo. Mfanyakazi wa bweni ambaye zamani angeona kwamba mlango fulani haujafunguliwa siku tatu, huko nje hayuko. Mwenye nyumba ya kukodi anajua tarehe ya kodi tu.

NANI HUONA KWANZA

Hata hivyo chuo kina macho yake. Jicho la kwanza ni karatasi ya mahudhurio, ambayo wanafunzi hutia sahihi kila somo. Vyuo vingi vinataka mwanafunzi awe amehudhuria theluthi mbili au robo tatu ya masomo ndipo akubaliwe kufanya mtihani. Karatasi hiyo ingekuwa jicho zuri sana, ila marafiki hutiliana sahihi. Rafiki wa kijana wetu alimtilia sahihi wiki saba, tena kwa wema kabisa, akidhani anamwokoa. Kumbe alikuwa anamficha.

Jicho la pili ni majaribio ya katikati ya muhula. Mwanafunzi aliyekuwa akifanya vizuri akikosa majaribio mawili mfululizo, mhadhiri aliye makini huuliza. Wengine hawaulizi. Mhadhiri mmoja alituambia wazi kwamba ana madarasa manne na makaratasi ya kusahihisha mpaka usiku, na akiona jina halina alama hufikiri mwanafunzi amehamia kozi nyingine.

Lililotushangaza ni zahanati ya chuo. Mwanafunzi aliyelemewa moyoni mara nyingi haendi kwa mshauri kusema "nimelemewa". Huenda kwa nesi kusema kichwa kinauma, tumbo linauma, kifua kinabana, hapati usingizi. Hupewa dawa ya maumivu, na baada ya wiki mbili huyo amerudi tena na kichwa kile kile. Nesi aliyefundishwa vizuri akiona faili limeandikwa "kichwa" mara nne katika muhula mmoja, huacha kuuliza juu ya kichwa, akauliza habari za nyumbani.

Lakini wanaoona mapema kuliko wote ni wanafunzi wenzake. Wakati wa janga la ukimwi vyuo vyetu vilianza kufundisha wanafunzi kuwa waelimishaji rika, yaani kijana anamfundisha kijana mwenzake. Kazi hiyo imekua, na sasa katika vyuo vingi kuna washauri rika ambao hufundishwa kusikiliza, kutambua dalili, na zaidi ya yote kujua mpaka wao, kwamba jambo kubwa wasilibebe peke yao bali walipeleke kwa mshauri mwenye ujuzi. Aliyemwokoa kijana wetu alikuwa msichana wa darasa lake, mshauri rika. Aliona ametoka katika kundi la darasa la simu bila kuaga, na kabla ya hapo alikuwa amemgawia rafiki vitabu vyake na koti lake zuri. Kutoa toa vitu hivyo ndiko kulikomtia wasiwasi. Akauliza chumba chake, akaenda na mwenzake, wakabisha mpaka akafungua.

Dalili nyingine ambazo washauri walitutajia ni hizi za kawaida ambazo hata nyumbani mtu anaweza kuzitambua: kuacha kuoga na kujitunza, hasira za ghafula kwa mtu mpole, pombe au bangi ambayo hakuwa nayo, madeni yasiyoeleweka, na maneno kama "mimi nawasumbua tu" au "mngekuwa heri bila mimi". Dalili moja pekee si ugonjwa. Kila mwanafunzi hukosa usingizi wakati wa mtihani. Zinapokaa pamoja zaidi ya wiki mbili, na mtu amebadilika asifanane na alivyokuwa, hapo ndipo pa kushtuka. Tukumbuke pia kwamba magonjwa mengi ya akili huanza kabla ya mtu kufika miaka 25. Yaani umri wa chuo ndio umri wenyewe.

NDANI YA OFISI YA MSHAURI

Msichana yule alimpeleka kijana kwenye ofisi inayosimamia maisha ya wanafunzi. Mkuu wa ofisi hiyo wanafunzi humwita "Dini", na mama wa kijana aliposikia mwanawe amepelekwa kwa Dini alishukuru Mungu akidhani ameokoka. Sivyo. Dini huyu ni cheo cha chuo. Chini yake kuna mambo ya malazi, michezo, vyama vya wanafunzi na ushauri nasaha, na hufanya kazi pamoja na kasisi na imamu wa chuo. Sisi tutamwita Mkuu wa Maslahi ya Wanafunzi.

Huko kwa mshauri mwanafunzi halipi kitu katika vyuo vya umma. Mshauri huanza kwa mambo madogo: analala saa ngapi, amekula nini, hali hii ilianza lini, nani anajua. Kisha humwuliza wazi kama amefikiria kujiua. Wengi wetu tunaogopa swali hilo, tukidhani litamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Wataalamu wamelichunguza jambo hili na wanasema halimtii wazo. Mara nyingi mtu hutua mzigo, kwa sababu hatimaye kuna aliyethubutu kuuliza. Kijana wetu alijibu ndiyo. Siku hiyo hiyo mshauri hakumwacha aende peke yake. Alimpeleka kwa daktari wa chuo, na daktari akamwandikia barua ya hospitali kubwa. Mgonjwa wa Nairobi anaweza kutumwa Mathari, wa Eldoret huenda hospitali ya rufaa ya Moi, na hospitali nyingine kubwa za kaunti nazo zina kliniki ya afya ya akili.

Hapa wazazi huuliza kwa hasira, kwa nini chuo hakikutuambia mapema? Sababu ni mbili. Mwanafunzi ni mtu mzima, na maneno anayomwambia mshauri ni siri yake, kama ya mgonjwa na daktari. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 nayo inakataza ofisi kutoa habari za mtu ovyo, hasa za afya yake. Siri hiyo ina mpaka: maisha yakiwa hatarini, mshauri anaweza kumpigia mzazi. Ndivyo mama alivyopigiwa simu. Nambari iliyokuwa katika faili, hata hivyo, ilikuwa ya mjomba aliyehama zamani, na ilichukua siku mbili kumpata mama kupitia kwa mwalimu wa shule ya zamani ya kijana. Siku mbili.

Kuna jambo jingine ambalo lilikuwa likiwafunga watu midomo. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha sheria zetu za jinai kilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na mtu angeweza kufungwa. Familia zilificha, na wanafunzi waliogopa kusema wasije wakakabidhiwa kwa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Habari hii haijafika vijijini vya kutosha, kwa hiyo isomeni mkutanoni.

Tusiseme kwamba mambo ya vyuoni ni mazuri tu. Washauri ni wachache mno kwa maelfu ya wanafunzi, na mwanafunzi aweza kuambiwa arudi wiki ijayo. Ofisi hufungwa jioni, na shida nyingi huja usiku. Tena kuna aibu. Katika chuo kimoja mlango wa mshauri unatazamana na mahali wanafunzi wanapopanga foleni ya vitambulisho, na kila aingiaye anaonekana. Nani ataingia? Washauri wengine wamekuwa na akili, wakaomba ofisi ndani ya zahanati ambako hakuna ajuaye kama mtu amekuja kwa malaria au kwa jambo jingine.

Kazi yao huonekana zaidi wakati wa msiba. Tarehe 2 Aprili 2015, wauaji walipovamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi, walionusurika walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, wamalizie masomo huko. Vijana hao walikuwa wamejificha wakisikia wenzao wakiuawa. Kumpa mtu kama huyo kitanda na ratiba ya masomo hakutoshi. Mlango ukigongwa kwa nguvu anaruka, usiku anaamka akipiga kelele. Washauri wanajua kwamba maumivu ya namna hiyo huweza kujitokeza miezi kadhaa baadaye, wakati kila mtu amekwisha kusahau, na kwa hiyo mtu huitwa tena na tena hata akisema yuko sawa.

KUAHIRISHA MASOMO SI KUFUKUZWA

Hapa tusimame kidogo, kwa maana hapa ndipo familia nyingi hupoteza mtoto na pesa pamoja.

Mwanafunzi aliye mgonjwa, mwenye mimba ngumu, aliyefiwa au aliyekosa karo kabisa anaweza kuomba kuahirisha masomo. Anaandika barua kupitia kwa mwenyekiti wa idara yake, anaambatanisha barua ya daktari kama ni ugonjwa, na akikubaliwa anapewa barua ya chuo yenye tarehe ya kurudi. Nafasi yake inabaki. Akirudi anaungana na darasa linalofuata. Bodi ya mikopo ya HELB, iliyoundwa mwaka 1995, nayo ifahamishwe, kwa sababu mkopo hutolewa kwa kufuata mwaka wa masomo.

Aliyeugua wakati wa mtihani, akaleta karatasi za hospitali mapema, huruhusiwa kuufanya baadaye kama mtihani wa kwanza, alama zake zote akazipata. Asiyeleta karatasi huhesabiwa ameshindwa, na akirudia mara nyingi hapewi zaidi ya alama ya kupita tu. Tofauti kati ya hao wawili ni karatasi moja, basi.

Mwanafunzi anayeondoka kimya kimya ndiye anayeumia. Kwenye vitabu vya chuo anaonekana mtoro, anajaa sifuri, na baada ya muda jina lake linaondolewa. Tunajua familia iliyokodi matatu, ikavaa sare ya kitenge, ikaenda kwenye mahafali, na jina la mtoto halikuwa kwenye orodha. Alikuwa ameacha masomo mwaka wa pili, na miaka yote hiyo akiogopa kusema. (Wako pia wanaokosa orodha kwa sababu chuo chenyewe kimepoteza alama zao. Hilo ni kosa la makarani na wahadhiri, na mwanafunzi asinyamaze. Apeleke malalamiko kwa maandishi na abaki na nakala.)

Kuhusu karo tutasema kwa ufupi tu, kwa maana mambo yake yanabadilika kila mara. Mpango wa mwaka 2023 uliopima kila familia na kugawa ufadhili, mkopo na sehemu ya mzazi umepelekwa mpaka mahakamani, kwa hiyo ulizeni kiwango cha mwaka wenyewe. Aliyewekwa katika ngazi isiyolingana na umaskini wake aulize njia ya kukata rufaa. Kuna basari ya eneo bunge na ya kaunti, na vyuo vingine vina kazi ndogo kwa wanafunzi wenye shida, kama maktaba au jikoni, malipo yakaenda kwenye karo. Lakini Mkuu wa Maslahi hawezi kumsaidia mtu asiyemjua. Mwanafunzi aingie ofisini aseme, "Sina chakula." Washauri wanatuambia hayo ndiyo maneno magumu kuliko yote kwa mtoto aliyechangiwa na kijiji.

KABLA HAJAPANDA GARI

Katika karatasi za kujiunga kuna fomu ya habari zake na fomu ya daktari. Jazeni nambari mbili za simu zinazopatikana, za watu wawili, na nambari ikibadilika mwanafunzi aibadilishe chuoni. Fomu ya daktari isemwe kweli. Wazazi huficha kifafa, pumu au ugonjwa wa akili wa zamani wakiogopa mtoto atanyimwa nafasi. Zahanati inataka kujua ili dawa zisikatike, na ili akianguka bwenini pasiwe na wa kusema ni mapepo.

Halafu kuna maneno tunayosema kwenye simu. Tulimwuliza kijana kwa nini alizima yake. Alituambia hivi: "Kila nikiona simu ya nyumbani nilikuwa naona wale mbuzi." Hakuna aliyemdai. Lakini kila aliyempigia alimaliza kwa kusema, "Usituangushe, kijiji kizima kinakutegemea." Tulidhani tunamtia moyo. Mshauri alitushauri tuulize mambo ambayo mtu hawezi kuyajibu kwa neno moja: leo umekula nini, ulikula na nani, chumba chenu kiko namna gani. Asiye na wa kula naye kwa mwezi mzima, mtembeleeni.

Mkikosa kumpata, msikae mkingojea likizo. Piga simu chuoni, omba ofisi ya Mkuu wa Maslahi ya Wanafunzi, useme: "Mimi ni mzazi wa fulani, nambari yake ya usajili ni hii, hatujamsikia wiki tatu, tunaomba aangaliwe." Hawatakupa siri zake, lakini wanaweza kumtuma mtu akabishe mlango. Hiyo nambari ya usajili iandikwe kwenye kitabu cha kikundi, maana bila hiyo utazungushwa. Usiku, au pale ofisi imefungwa, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina laini ya bure ya 1199 ambayo mwanafunzi au mzazi anaweza kupiga akazungumza na mshauri.

Mtoto akirudishwa nyumbani msimkaripie siku ya kwanza, wala kumpeleka kwa waganga kumi. Maombi yaendelee, na dawa ziendelee. Kijana wetu aliahirisha mwaka mmoja. Alikuwa akienda kliniki ya hospitali ya kaunti kila mwezi, na katikati akasaidia kikundi kuandika vitabu vya hesabu, kazi ambayo mweka hazina anasema haijawahi kuwa safi namna ile. Simu yake alibaki nayo, ila mchezo wa kamari aliuondoa na laini ya pesa akaiacha kwa dada yake kwa muda.

Alirudi chuoni Septemba. Kikundi kimewachagua wanachama wawili wa kumpigia, mmoja Jumatano na mmoja Jumapili, na wamekatazwa kuuliza habari za alama. Tangi la maji bado halijanunuliwa.